Talaka ya Koko Sikitu

Léopoldville, tarehe 3 Novembre 1963

Muke yangu Sikitu,

Nakutumia salamu mingi, zitoke hapa Léo, zivuke pori yote ya Kongo bila kusimamishwa ku barrière ya basoda, zikufikie hapo Beni umeikala mbele ya mulango unachambua mboga. Bwana yako niko muzima. Nimekonda kidogo, juu huku batu banakula kwanga ya muhogo na makayabu, samaki ya chumvi, kila siku, na hakuna hata mumoja mwenye kujua kupika sombe, majani ya muhogo, sawa wewe. Baba Mashaka anaendelea aje na camion zake za kubeba muzigo? Mama hajambo? Mudogo yangu Kadogo alisha acha kulilia hesabu? Na jino yako, ile moja ya mbele yenye ilibaki kulinda mulango, iko? Uichunge. Sikuoa muke asiye na jino.

Banafunzi benye tunalala nabo chumba moja banacheka sana. Mumoja ni wa Kasai, mwingine ni Mukongo, wa kabila ya Bakongo. Nilibaambia nina muke ku Beni mwenye mvi, mama ya baba yangu. Bakashangaa. Nikabaeleza kwetu ni vile: koko ni muke ya mujukuu yake, banataniana mpaka kaburini, na neno lolote linasemeka kati yao. Njo maana nakuandikia wewe wa kwanza. Baba akisema neno ni amri. Mama akisikia atalia. Mais bwana na muke banaongea tu mu nyumba yao, hakuna mwenye kuamuru mwenzake.

Sasa tuingie mu maneno. Sikitu, nimechoka na droit. Huu ni mwaka ya pili nasoma sheria juu ya ukuta ya jirani na mayi yenye kupita mu shamba ya mutu. Nikiulizwa kilalo, daraja ya muto, ikianguka ni nani analipa, nitajibu vizuri kabisa. Mais namna ya kuisimamisha ile kilalo isianguke, hakuna kitabu moja ya sheria yenye kusema. Na kuko bourse, feza ya kusomea Bulaya, miaka tano, ya kusoma uingénieur: kujenga bilalo za kuvukia mito, za chuma na béton. Nimeandikisha jina.

Najua baba anataka avocat, mutetezi wa sheria, juu ya basoda, bale baaskari benye kumutoshea mizigo ku barrière. Najua ku Beni bote bananiita Avocat tangu siku nilipanda ndege. Donc umuulize baba polepole, siku amekula vizuri. Juu ya nini nimechagua bilalo, usiniulize. Nimependa tu.

Bwana yako,
Jumaine


Beni, 27 Décembre 1963

Bwana yangu Jumaine, mukimbia-nyumba,

Barua yako ilichelewa njiani sawa mutu mwenye kupita ku kila matanga kuaga. Imefika, na sisi bote hapa nyumbani Mulekera tuko bazima. Mvua inanyesha. Baba yako amenunua pneu mupya za camion, anaziangalia kuliko vile alimuangaliaka mama yako siku ya ndoa. Kadogo alisha shinda hesabu, sasa analilia kifaransa. Jino iko. Iliniuma ile juma barua yako ilikuwa njiani, nikajua bwana yangu ananisema vibaya mahali.

Nilimuuliza baba yako. Nilingoja siku ya kuku. Alipomaliza nikamuambia mutoto anataka kwenda kusoma Bulaya. Akanawa mikono. Akauliza kama uavocat wa Bulaya ni wa miaka tano. Nikamuambia si uavocat. Akanawa mikono mara ya pili. Mpaka leo hajajibu, mais mikono yake ni safi sana.

Na mimi muke yako, nani ameniuliza? Miaka tano! Unafikiri mimi ni mukungu wa ndizi, unaniacha nikiwa mubichi unakuya kunikuta nimeiva? Mimi nilisha iva zamani. Nasikia banamuke ba Bulaya bako na miguu murefu na hawajui kusonga bugali. Ukileta mwenzangu, umuambie mapema: kitanda tutaongea, jiko ni yangu.

Fikiri tena, bwana yangu. Ku Beni hakuna avocat hata mumoja. Ungekuya kuikala hapa wa kwanza, batu bangekutolea kofia. Na mimi ningepita sokoni, bakiniuzia mafuta ya mawese pungufu, ningesema tu: haya, ngoja nimuite bwana yangu. Siku moja tu ya kusema vile, kiisha Mungu anichukue.

Mvua imekuya na muhogo yangu iko inje. Juu ya posta ya siku hizi, yenye kupoteza bintu tangu Uhuru, nimeandika nyuma ya bahasha na mukono muzuri, sawa vile marehemu babu yako Aruna alinifundisha kuandika: Inatoka kwa Sikitu, muke ya Jumaine, Beni.

Ni mimi,
Sikitu


Léopoldville, 20 Février 1964

Muke yangu Sikitu, mwenye kuniletea mashitaka,

Idi ilipita salama? Huku tulikuwa Baislamu bachache, tuliswali mu nyumba ya mufanyabiashara mumoja wa Maniema, akatupa pilau. Nilikula sahani tatu, ya tatu ni kwa jina yako. Nasalimia baba, mama na Kadogo. Umuambie Kadogo kifaransa hakiumi.

Sasa sikia vile umenifanyia. Ku bureau ya bourse balitaka foto. Nilitia foto zangu mu bahasha yako, juu mwanafunzi hanunuaki bahasha kama iko na moja ya bure. Ule Muzungu mwenye kupokea aliikala ku Bukavu miaka mingi, anasoma Kiswahili. Akatosha foto, akageuza bahasha, akasoma. Akaniuliza juu ya nini nimejiandika célibataire na nina muke ku Beni, tena muke mwenye kujua kuandika. Nikamuambia ule ni koko yangu. Akauliza basi juu ya nini koko yangu anajiita muke yangu. Nikamuelezea desturi yetu mpaka jasho ikanitoka. Akauliza huyo muke iko na miaka ngapi. Nikasema hajui mwenyewe, labda makumi saba. Akavua lunettes, akazifuta, akasema hajakuya Kongo kuchekwa na batoto.

Ile bourse ni ya benye hawana muke. Donc sasa anadai attestation, ni kusema karatasi ya serikali yenye muhuri, na humo wewe mwenyewe useme mbele ya serikali kwamba si muke yangu. Bila ile karatasi, nabaki hapa na ukuta ya jirani. Iwe imefika mbele ya mwisho ya Juin. Sikitu, nakuomba, uende ku bureau.

Neno ingine. Ulinijibu juu ya kuku, juu ya jino, juu ya banamuke ba Bulaya na muhogo ya inje. Juu ya bilalo hukujibu hata neno. Nimesoma barua mpaka imechakaa.

Bwana yako mwenye taabu,
Jumaine


Beni, 2 Mai 1964

Bwana yangu Jumaine,

Nilisoma barua yako nikacheka mpaka jirani akakuya kuangalia kama ni kilio. Hapa tuko bazima. Kadogo amefukuza muposaji wa kwanza, anasema anataka kusoma sawa wewe. Unaona vile unaharibu nyumba. Camion moja ililala matopeni njia ya Kanyabayonga, mais imetoka. Banasema upande wa Uvira batu bameanza kupigana na serikali. Basoda banapita hapa na motokari banaimba Kilingala. Sisi tunapika tu.

Karatasi yako nilikwenda kuitafuta. Siku ya kwanza karani alikuwa ku matanga. Siku ya pili alikuwepo, mais wino ya muhuri ilikauka. Siku ya tatu nilifika mulangoni nikakumbuka ni ijumaa. Kiisha mvua. Kiisha goti yangu ya kushoto. Na tena nilianza kufikiri: kosa yangu ni nini? Muke anaachwa kwa kosa. Nilichoma bugali? Nilikutukanisha kwa jirani? Mutu anaikala na bwana yake vizuri miaka yote hii, kiisha Muzungu mwenye lunettes anasema haya, uachike.

Baba yako alisha jibu. Alingoja mpaka Idi kubwa ipite, akamaliza nyama, akasema: «Mama akikubali, na mimi nimekubali.» Akatoka kuangalia pneu zake. Unaona ujanja ya mwanaume? Amenitupia mimi muzigo yote. Donc sasa kila mutu mu nyumba ananiangalia mu kinywa, na kinywa yangu ni ya jino moja.

Unaandika Juin, Juin. Juin ni mwezi sawa miezi ingine, kuna ya nyuma yake. Jirani ananiita, nakwenda.

Bado muke yako,
Sikitu


Léopoldville, 8 Juillet 1964

Muke yangu Sikitu,

Salamu kwako, kwa baba na mama na Kadogo. Niko muzima. Juin imepita, karatasi haikufika. Nilirudi kwa ule Muzungu nikamudanganya koko yangu ni mugonjwa ya goti, akasema anasikitika, ataningojea mpaka Noeli, kiisha basi. Njo mara ya mwisho.

Leo sitatania sana, unisamehe.

Nilikuambia usiniulize juu ya nini bilalo. Hukuuliza, na najua juu ya nini hukuuliza. Nilikuwa na miaka tisa. Tulitoka Kasindi na babu Aruna, camion imejaa chumvi ya Katwe na batu juu ya chumvi. Unajua kazi yake aliifanyaka namna gani. Ku kila kilalo ya miti alisimama, akapiga mukono ku mulango, akasema: «Bote chini!» Batu banashuka, banavuka na miguu, banaikala ngambo banangoja, kiisha yeye anakuya na camion peke yake. Ikivunjika, alisema, ivunjike na mutu mumoja.

Nilivuka na bale bote. Bengine balikuwa banatafuta kivuli, mimi niligeuka kumuangalia, juu nilipenda kumuona anakuya. Aliniinulia mukono. Miti ya katikati ikaenda chini ya pneu ya mbele, polepole, kiisha mbio. Batu balilia, mimi sikulia. Niliangalia mayi. Ilikuwa nyeupe ya chumvi.

Sijasema hii kwa mutu. Siku ya matanga ulinishika mukono mbele ya batu, ukasema: «Sasa huyu njo bwana yangu.» Bote bakacheka kidogo, juu kila koko anasemaka vile. Mais mimi niliona uso yako, na haukuwa unacheka. Tangu pale mimi ni bwana yako, na sikuchoka nayo hata siku moja.

Donc niambie wazi. Ukitaka nibaki, nitabaki na droit, nitakuya kuwa avocat ya Beni, na nitakushitakia bauza-mafuta bote. Sitakasirika. Ukitaka niende, nitaenda. Mais usinijibu na goti wala mvua.

Jumaine


Butembo, 16 Novembre 1964

Mujukuu yangu Jumaine,

Usishituke na hii jina, utaona chini juu ya nini.

Kwanza salamu, na uikale vizuri. Tuko bazima, sisi bote bane. Barua yako ya Juillet ilifika Beni siku mbili mbele ya baasi kuingia, bale benye kumwagiwa mayi ya dawa ili risasi isibaingie. Sikupata hata kuisoma mara ya pili. Tulitoka na miguu, tukafika Kalunguta kwa Élisée, ule muprotestanti rafiki ya babu yako mwenye kulima viazi. Alitupokea na bibi yake sawa ndugu. Tulikula viazi asubuhi, viazi mangaribi. Kila siku banaimba na kuomba mbele ya chakula, nikajifunza nyimbo zao mbili. Mwalimu ya musikiti asisikie. Barua yako niliifunga mu kitambaa, nikaiweka kifuani mu kitenge muda yote.

Camion zote mbili zimechukuliwa. Baba yako anatembea na fimbo, mais amenikataza kukuambia, donc sijakuambia. Nyumba ya Mulekera iko, ila mabati yamekwenda na bale batu. Sasa basoda ba serikali bamerudi na tumehamia hapa Butembo kwa jamaa mpaka tuone. Kadogo anafundisha batoto ya hapa kifaransa, ile ile alililia. Na jino, Jumaine, ilianguka njiani. Nilisikia kitu mu kinywa nikafikiri ni jiwe ya maharagi. Ulisema hukuoa muke asiye na jino. Donc leo sababu ya kuachana tumeipata.

Alhamisi nilikwenda ku bureau ya serikali hapa. Karani anaitwa Ananie, kijana mwembamba mwenye cravate ku shingo, anaandika na mashini. Mulango ilijaa batu, kila mutu anatafuta karatasi: ule amepoteza nyumba, ule amepoteza mutoto. Nikaona haya. Nikataka kurudi. Mais mama moja nyuma yangu akaniuliza natafuta nini, nikamuambia, akaambia mwenzake, na ile mustari yote ikaanza kucheka. Batu hawajacheka hapa tangu Août. Bakanisukuma mbele.

Ananie akauliza shida yangu. Nikamuambia natafuta karatasi yenye kusema mimi si muke ya mujukuu yangu. Akaniangalia. Akasema basi na yeye iko matatani, juu koko yake Léa anamuitaka bwana yake kila siku ku kanisa, na pasteur anasikia. Akasema Muzungu akifuata hii njia, mu Butembo nzima hatabaki célibataire hata mumoja. Akataka mashahidi babili. Mustari yote ikainua mukono.

Kiisha akatia karatasi mu mashini, akaacha kucheka, juu ni kazi ya serikali. Akaniuliza: «Mama, bwana yako ni nani?»

Jumaine, nilikuwa natayarisha utani. Nilikuwa nayo ku kinywa. Haikutoka. Nikasema: «Bwana yangu ni Aruna. Alikufa na camion yake mu muto ya njia ya Kasindi, juu ya kilalo. Alishusha batu bote kwanza. Jumaine ni mutoto ya mutoto yangu. Bwana ingine sina.»

Ananie aliandika ile yote. Ile maneno sikuitamka na kinywa yangu tangu siku yenyewe. Nilikuwa nasema «tangu babu yako aende», sawa mutu mwenye kwenda soko. Na wewe, nilijua uliona. Balikuleta kwangu ile mangaribi na chumvi imekauka ku miguu yako, nikakuosha, sikuuliza. Niliogopa utaniambia.

Sasa nitakuambia juu ya nini goti iliuma na mvua ilinyesha. Si banamuke ba Bulaya. Bwana yangu wa kwanza alichukuliwa na kilalo, na wa pili ananiandikia anakwenda kwa bilalo. Mutu atoe ruhusa na mukono gani?

Mais karatasi ni hii, iko ndani, na muhuri ina wino. Serikali imeandika mimi si muke yako. Muke haamuru bwana yake, ulisema mwenyewe. Koko anaweza. Donc mimi koko yako nakuamuru: nenda, soma bilalo, na usirudi mbele ya kumaliza hata ukisikia nimekufa. Baba yako amekubali, yeye na fimbo yake yenye sijakuambia.

Nyuma ya bahasha nimeandika Sikitu, Butembo. Basi.

Koko yako,
Sikitu


Léopoldville, 18 Janvier 1965

Muke yangu Sikitu,

Ndiyo, umesoma vizuri. Muke yangu.

Salamu mingi kwa bote. Nimelia juu ya Kalunguta, nimelia juu ya mabati. Umuambie baba sijasikia kitu juu ya fimbo, na namuombea Mungu kila swala juu ya ile kitu sijasikia. Umuambie Élisée siku moja nitakula viazi zake, mais si asubuhi na mangaribi.

Karatasi ilifika siku tatu mbele ya Noeli. Ule Muzungu aliisoma pole pole, mustari kwa mustari. Alipofika kwa Aruna akasimama, akaniuliza kama mimi nilikuwa mu bale benye alishusha. Nikasema ndiyo. Alipiga muhuri yake kando ya ile ya Ananie, akanipa mukono. Ndege ni kesho.

Sasa turudi kwa maneno ya nyumba. Nilisoma droit miaka mbili na kitu, na sitaki ipotee bure. Sikiliza bwana yako, kazi yake ya kwanza na ya mwisho ya uavocat. Moja, muke hatoi talaka; ile ulifanya mbele ya Ananie ni makelele tu. Mbili, hata tukisema ni talaka, ni ya kwanza, na muke ya kuachwa anaikala eda miezi tatu. Uliapa Novembre. Leo ni Janvier. Mu eda bwana anaweza kumurudisha muke yake kwa neno tupu, bila mahari mupya, bila kumuuliza mutu. Tatu, ile shariti ya jino nimeifuta.

Donc mimi Jumaine, mwenye akili timamu, mbele ya mashahidi babili, Mukongo mumoja na mutu wa Kasai mumoja, hakuna anayejua Kiswahili mais bameapa banaelewa, nasema: Sikitu, nakurudisha.

Mais nakuomba, nyuma ya bahasha uandike Sikitu tu. Muzungu iko na macho.

Amri ya koko nitaifuata, yote, ila ile ya kusikia umekufa. Hiyo usiilete.

Bwana yako,
Jumaine


Beni, 11 Avril 1965

Bwana yangu Jumaine,

Salamu zetu zikukute kwa baridi umevaa vizuri. Barua yako ya Janvier imefika juma hii. Nikahesabu na vidole: eda ilisha pita. Nikaona haya kama musichana. Nikakwenda kwa mwalimu ya musikiti, nikamuuliza bila kucheka. Alifunga macho mpaka nikafikiri amelala. Kiisha akasema neno ya bwana inahesabiwa siku alisema, si siku posta inaleta. Nikamupa yai kumi.

Tumerudi Mulekera. Baba yako ameezeka nyumba, nusu mabati nusu majani, na anaendesha camion ya mutu. Fimbo ameitupa, sasa naweza kukuambia alikuwa nayo. Kadogo amefukuza muposaji wa pili.

Tulirudi kutoka Butembo juu ya camion, juu ya magunia ya maharagi, na baba yako njo alikuwa anaendesha. Nilisahau kukuambia: anafanya sawa baba yake. Ku kila kilalo anapiga mukono ku mulango, bote chini. Tukashuka, tukavuka. Tangu Aruna, nikivuka sigeukaki, naendelea na njia mpaka camion inanikuta mbele. Safari hii niligeuka. Nilisimama ngambo, nikamuangalia mutoto yangu anakuya peke yake juu ya ile miti, na nikamuinulia mukono. Alifika.

Mais magoti yangu imechoka kushuka na kupanda, Jumaine. Soma mbio. Ile kilalo yako ya kwanza, sitaki kushuka. Nataka kuivuka nimeikala mbele kando ya shofere, nakula karanga, na batu bote juu.

Karanga unisagie, sina jino.

Muke yako,
Sikitu